Kugombana na Kugombeza: Maana na Matumizi ya Kitenzi cha Kiingereza "Quarrel" katika Ayivu, Nile Magharibi, na Athari Zake kwa Tafsiri ya Kiswahili

Ikisiri

Katika Kiingereza kinachozungumzwa Uganda, kitenzi "quarrel" hubeba maana mbili: kugombana na mtu na kumgombeza mtu. Maana ya pili imetoweka katika Kiingereza sanifu cha Uingereza cha leo, na kwa hiyo mara nyingi huhesabiwa kuwa kosa. Makala haya yanachunguza kitenzi hicho kwa kuzingatia eneo la Ayivu, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako Kilugbara, Kiingereza, Kinubi na Kiswahili hukutana kila siku. Makala yanadai mambo matatu. Kwanza, matumizi hayo yana utaratibu wa kisarufi unaolingana na mnyambuliko wa Kiswahili wa gombana na gombeza. Pili, tofauti kati ya kugombana na kugombeza inategemea mamlaka ya msemaji na haki ya msemwaji kujibu, na si ukali wa sauti pekee. Tatu, mfasiri asiyeiona tofauti hiyo anaweza kumgeuza mtoto aliyekaripiwa kuwa mshiriki wa ugomvi, na hivyo kuathiri maamuzi ya shule na ya ustawi wa watoto. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya istilahi wakati huu Uganda inapopanua matumizi ya Kiswahili.

Istilahi za msingi: Ayivu, gombeza, karipio, Kiingereza cha Uganda, tafsiri.

1.0 Utangulizi

Tuseme mtoto wa shule ya msingi anaulizwa kwa Kiingereza kwa nini hakuhudhuria masomo jana. Anajibu: "The teacher quarrelled me." Kwa mwalimu wa Arua, kauli hiyo haina utata: mwalimu alimgombeza mtoto. Kwa mtumishi wa shirika aliyefunzwa Kiingereza cha Uingereza, sentensi hiyo inaonekana kupungukiwa na neno "with". Akilirudisha neno hilo kichwani mwake na kuandika kwa Kiswahili kwamba "mtoto aligombana na mwalimu", atakuwa ameandika tukio jingine kabisa. Katika tukio la kwanza mtoto ni mpokeaji wa maneno makali. Katika la pili, yeye ni mmoja wa wagomvi wawili, na mtoto anayegombana na mwalimu wake ana kesi ya kujibu.

Kosa hilo la tafsiri halitokani na uhaba wa msamiati. Kiswahili kina maneno mengi ya kukemea, na kila neno lina nafasi yake. Linatokana na kudhani kwamba Kiingereza anachokisema mtoto ni Kiingereza kibovu, na kwamba kazi ya mfasiri ni kukinyoosha kabla ya kukifasiri. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Yanaanza kwa kueleza mazingira ya lugha ya Ayivu, kisha yanachambua historia na sarufi ya kitenzi chenyewe, yanakilinganisha na maneno ya Kiswahili, na mwishowe yanaonesha kile kinachowapasa watunga sera na wafasiri. Mifano ya sentensi iliyotumika ni ya ufafanuzi. Haimhusu mtu wala shule yoyote mahususi.

2.0 Ayivu na mazingira yake ya lugha

Ayivu ni eneo la Walugbara linaloizunguka Arua. Tangu Arua ilipopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, jina Ayivu limekuwa pia jina la sehemu ya jiji hilo. Lugha ya wenyeji ni Kilugbara, lugha ya tawi la Sudani ya Kati ambayo hutofautisha maana kwa toni na haina uhusiano wa nasaba na lugha za Kibantu. Kaskazini, upande wa Koboko, wanaishi Wakakwa, ambao lugha yao ni ya Kinailoti cha Mashariki na ni jirani ya Kibari cha Sudan Kusini. Katika miji yote miwili wamo pia wasemaji wa Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu cha askari wa Sudan walioletwa Uganda mwishoni mwa karne ya 19.

Kiswahili kilifika Nile Magharibi kwa njia kadhaa. Vijana wa eneo hilo waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni la KAR, ambalo Kiswahili kilikuwa lugha yake ya amri. Wengine walikwenda kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa na kukutana huko na wafanyakazi wa makabila mengine. Biashara ya mpakani, kupitia Vurra na soko la Ariwara upande wa Kongo, nayo ikaleta Kiswahili cha Kongo pamoja na Kilingala. Leo makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, yanahifadhi watu waliotoka Kongo, na hivyo kuongeza aina ya Kiswahili kinachosikika katika ofisi na zahanati.

Kiingereza kinaingia kwa mlango wa shule. Chini ya mtaala wa mada ulioanzishwa 2007, madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi hufundishwa kwa lugha ya eneo, na darasa la nne ni la mpito kuelekea Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa Ayivu hukutana na maneno ya Kiingereza ya kukemea akiwa tayari ameshazoea kukemewa kwa Kilugbara nyumbani na darasani. Hajifunzi dhana mpya. Anajifunza lebo mpya ya jambo analolijua vizuri.

Kwa upande wa sera, Kiswahili kimekuwa na safari ndefu. Serikali ya Idi Amin, ambaye asili yake ilikuwa Koboko, ilikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia hatua za kukifanya kiwe lugha rasmi kwa vitendo na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hatua hizo zinamaanisha kwamba nyaraka nyingi zaidi zitafasiriwa kati ya Kiingereza na Kiswahili, zikiwemo kanuni za nidhamu za shule na fomu za malalamiko. Hapo ndipo neno dogo kama "quarrel" linapopata uzito wa kiutawala.

3.0 Historia fupi ya "scold" na "quarrel"

Neno ambalo kamusi nyingi hulitoa kama tafsiri ya "gombeza" ni "scold". Neno hilo lina historia isiyo ya upole. Wanaetimolojia wengi hulihusisha na neno la Kinorse cha Kale "skáld", yaani mshairi, labda kwa sababu washairi wa kale waliogopwa kwa mashairi yao ya kejeli. Katika Kiingereza lilianza kama nomino: mtu, hasa mwanamke, mwenye ulimi mkali na maneno ya kuudhi. Kitenzi kilifuata baadaye.

Sheria ya kimila ya Uingereza ililifanya neno hilo kuwa jina la kosa la jinai. Mwanamke aliyesumbua majirani kwa kelele na matusi ya mara kwa mara aliweza kushtakiwa kuwa "common scold", na adhabu iliyojulikana sana ilikuwa kumfunga kwenye kiti kilichoshikizwa kwenye mti mrefu na kumchovya majini. Kosa hilo lilifutwa rasmi katika Uingereza na Wales kwa sheria ya jinai ya 1967. Katika kumbukumbu za mahakama zilizoandikwa kwa Kilatini, mshtakiwa wa aina hiyo aliitwa "rixatrix", neno linalotokana na "rixa", yaani ugomvi. Kwa maneno mengine, wanasheria wa Ulaya ya zamani nao waliona ukaribu uleule kati ya kukaripia na kugombana, na wakaita kitendo kimoja kwa jina la kingine.

"Quarrel" kwa upande wake lilipitia Kifaransa cha Kale kutoka Kilatini "querela", yaani lalamiko. Maana ya kuzozana pande mbili ni hatua ya baadaye katika safari ya neno hilo. Jambo lenye umuhimu zaidi kwa mjadala huu ni kwamba Kiingereza cha karne zilizopita, pamoja na Kiskoti, kilikuwa na "quarrel" elekezi: kumquarrel mtu kulimaanisha kumtafutia kosa na kumkemea. Matumizi hayo yalififia katika Kiingereza sanifu. Makala haya hayadai kwamba Kiingereza cha Uganda kilirithi matumizi hayo moja kwa moja. Yanachodai ni kidogo zaidi lakini ni imara: kuelekea kutoka "zozana" hadi "kemea" ni njia ambayo lugha hupita kwa kawaida, na Kiingereza chenyewe kiliwahi kuipita. Hivyo hoja kwamba matumizi ya Ayivu yanavunja hulka ya Kiingereza haina msingi.

4.0 Sarufi ya mwelekeo

Katika Kiingereza sanifu cha leo, "quarrel" ni kitenzi si elekezi. Huhitaji kiima cha wingi, au kihusishi "with" kinachomleta mshiriki wa pili. Kiingereza cha Uganda kimeweka tofauti ifuatayo:

(1) "I quarrelled with the teacher." Niligombana na mwalimu.

(2) "The teacher quarrelled me." Mwalimu alinigombeza.

Sentensi ya (1) ina pande mbili zinazotupiana maneno. Sentensi ya (2) ina upande mmoja unaotupa na mwingine unaopokea. Kilichofanya kazi ya kutofautisha ni kuwepo au kutokuwepo kwa "with". Kuondolewa kwa kihusishi, kunakoonekana kama uzembe wa mwanafunzi, kwa kweli ni alama ya kisarufi: kunaonesha kwamba tendo lina mwelekeo mmoja. Ushahidi wa ziada ni kwamba kitenzi hiki elekezi huruhusu kauli ya kutendwa, "I was quarrelled", yaani niligombezwa. Kitenzi cha kuzozana hakiwezi kufanya hivyo kwa namna hiyo, kama vile Kiswahili kisivyoruhusu kusema *nimegombanwa.

Kiswahili hufanya kazi hiyohiyo kwa mnyambuliko. Mzizi -gomb- hubeba wazo la mvutano wa maneno au wa haki. Kiambishi cha kutendana huzaa gombana, na nomino ugomvi hutoka humohumo. Kiambishi cha kutendea huzaa gombea, yaani kushindania kitu, na ndiko alikotoka mgombea wa uchaguzi. Umbo la kusababisha huzaa gombeza. Maana ya gombeza si kusababisha watu wagombane. Kazi hiyo hufanywa na gombanisha. Gombeza ni kumwelekezea mtu maneno ya ukali kwa sababu ya kosa lake, na huwa na kivuli cha kumkataza asirudie.

Kiganda kina jozi inayofanana. "Okuyomba" ni kugombana au kupiga kelele za ugomvi, na "okuyombesa", umbo lake la kusababisha, ni kumgombeza mtu. Lugha mbili za Kibantu zinatumia mbinu moja ileile kufikia maana ileile. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo. Msemaji anayetaka kutofautisha gombana na gombeza kwa kutumia kitenzi kimoja cha Kiingereza anabakiwa na chombo kimoja tu, nacho ni kihusishi. Amekitumia.

Hata hivyo, maelezo ya uhamishaji kutoka lugha mama hayatoshi kwa Ayivu. Kilugbara si lugha ya Kibantu, na mtoto wa huko hakui akiwa na mnyambuliko wa -ana na -eza katika lugha yake ya kwanza. Yeye hupokea "quarrel" elekezi ikiwa tayari ni sehemu ya Kiingereza cha taifa: kutoka kwa mwalimu, redio, ndugu waliosoma shule za bweni kusini na maofisa waliohamishiwa Arua. Hii ni hoja muhimu kwa sera. Matumizi yanayoshirikiwa na wasemaji wa Kiganda, Kilugbara na Kikakwa kwa pamoja si makosa ya kabila moja yanayoweza kusahihishwa kwa mazoezi ya darasani. Ni kanuni ya aina ya Kiingereza iliyokomaa. Kuchapishwa kwa kamusi ya Kiingereza cha Uganda ya Bernard Sabiiti mwaka 2014 ni dalili kwamba Waganda wenyewe wameanza kukitambua Kiingereza chao kuwa na maneno na kanuni zinazostahili kuandikwa.

5.0 Uwanja wa maana wa Kiswahili

Mfasiri anayeiacha "ugomvi" bado ana kazi ya kuchagua. Maneno ya Kiswahili ya kukemea hayabadilishani nafasi ovyo. Yanaweza kupangwa kwa maswali manne: Je, msemaji ana mamlaka juu ya msemwaji? Je, kuna kosa lililotangulia? Je, maneno yanalenga kitendo au utu? Na je, lawama inamwangukia nani, aliyesema au aliyesemwa?

Kuonya huangalia mbele. Aonyaye anataka jambo lisitokee au lisirudiwe, na anaweza kuwa mkubwa, rafiki au hata mdogo mwenye busara. Kukanya huongeza kizuizi: anayekanya ana haki ya kukataza. Kugombeza ni neno la nyumbani na darasani. Lina mzazi na mtoto, mwalimu na mwanafunzi, dada mkubwa na mdogo wake. Kukaripia lina ukali wa sauti ya mkubwa kwa mdogo, na nomino yake, karipio, imepanda hadi ngazi ya utawala: katika lugha ya nidhamu ya watumishi na vyama nchini Tanzania, karipio ni adhabu yenye jina, sawa na "reprimand" ya Kiingereza. Kukemea lina upana zaidi. Mzazi hukemea, serikali hukemea rushwa, na mhubiri hukemea pepo. Asemaye amekemea anadai kusimama upande wa haki.

Kufokea ni tofauti. Mzizi wake ni foka, neno la kimiminika kinachochemka au kububujika kwa nguvu. Anayemfokea mtu amefurika, na lugha inamtazama yeye kabla ya kumtazama aliyekosa. "Mwalimu alinigombeza" inaweza kusemwa na mtoto anayekiri kosa lake. "Mwalimu alinifokea" tayari ni malalamiko. Kushutumu, kutoka Kiarabu, limehama kutoka maana ya kutukana na kuwa neno la lawama ya hadharani. Kusuta ni kumkabili mzushi au msengenyaji na ukweli mbele ya watu, na si lazima msutaji awe mkubwa wa msutwa. Kutukana hakumo kabisa katika adabu: tusi halina kosa la kurekebisha, linalenga utu.

Maneno mawili yanahitaji tahadhari maalumu. Kumrudi mtoto, kwa maana yake ya zamani, ni kumrekebisha, lakini kunaweza kuwa kwa maneno au kwa fimbo. Kumtia adabu mara nyingi ni tafsida ya kumchapa. Mfasiri anayetumia moja ya maneno hayo badala ya gombeza ameingiza kiboko katika tukio ambalo pengine lilikuwa la maneno matupu. Uganda ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni kupitia marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016, na kwa hiyo tofauti hiyo ni tofauti kati ya jambo linaloruhusiwa na kosa la kisheria.

6.0 Mamlaka ya anayekemea

Maswali manne yaliyotajwa hapo juu si mapya kwa Ayivu. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara kati ya 1949 na 1952 na kuchapisha kitabu chake kuhusu dini yao mwaka 1960, alieleza mfumo wa nidhamu ambao kiini chake kilikuwa hasira ya mzee wa ukoo. Mdogo alipomkosea heshima, mzee hakulazimika kupaza sauti. Aliweza kuketi karibu na madhabahu ya mababu na kuliwaza moyoni kosa lile. Mizimu ilisikia, na ugonjwa ukamfikia mkosaji. Hasira hiyo iliitwa "ole".

Kilichomvutia Middleton ni kwamba neno hilohilo lilitumika pia kwa husuda ya mchawi. Hisia ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni hukumu ya jamii. "Ole" ya mzee aliyelinda umoja wa ukoo ilikuwa halali na hata ya wajibu. Ya mtu aliyesukumwa na kijicho au uroho wa madaraka ilikuwa uchawi. Wanaukoo walioshindania uongozi waliweza kubishana iwapo ugonjwa fulani uliletwa na mzee mwenye haki au na mzee aliyetumia vibaya nafasi yake.

Miaka zaidi ya sabini imepita. Ukristo, Uislamu na shule vimebadilisha mengi, na makala haya hayadai kwamba mwalimu wa leo anaeleweka kwa kipimo cha madhabahu. Hata hivyo mantiki ya jambo hilo inafundisha. Kukemea kuna uhalali unaotoka nje ya maneno yenyewe: ni nani amekemea, kwa kosa gani, na kwa nia ya kujenga au ya kujikweza. Maneno yaleyale, kwa sauti ileile, yanaweza kuwa malezi au uonevu. Kwa hiyo mfasiri au mchunguzi anayeuliza tu "Alisema nini?" amepata nusu ya habari. Kimya cha mzee pia hukumbusha kwamba sauti kubwa si kipimo cha uzito wa karipio.

7.0 Neno jirani: "abuse"

Tatizo la "quarrel" huongezeka likikutana na neno jirani, "abuse". Katika Kiingereza cha Uganda na cha Kenya, kum"abuse" mtu kwa kawaida ni kumtukana. Katika lugha ya mashirika ya ulinzi wa watoto, neno hilohilo ni dhuluma kwa upana wake, ukiwemo unyanyasaji wa kingono. Mwanafunzi anayesema "The headteacher abused us" huenda anasema mwalimu mkuu aliwaita wajinga. Afisa anayesoma taarifa hiyo akiwa Kampala au Geneva anaweza kuanzisha uchunguzi wa aina nyingine kabisa.

Hatari ina pande mbili. Upande mmoja, tusi linaweza kuandikwa kama jinai nzito ambayo mtoto hakuisema, na mtuhumiwa akapata doa lisilofutika. Upande wa pili, na huu ndio wenye madhara zaidi, maofisa waliozoea kwamba "abuse" ni matusi tu wanaweza kuipuuza siku ambayo mtoto anaitumia kwa maana nzito. Vivyo hivyo, waliozoea kwamba "quarrelled" ni karipio la kawaida wanaweza kutouliza karipio hilo liliendaje. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa 2016, inahesabu madhara ya kihisia na kiakili kuwa sehemu ya ukatili. Kumgombeza mtoto kwa kosa lake ni malezi. Kumdhalilisha kila siku mbele ya wenzake kunaweza kuingia ndani ya maana hiyo ya kisheria. Kitenzi kimoja kinaweza kufunika yote mawili, na ni maswali ya mchunguzi yanayoyatenganisha.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza hatua tano.

Kwanza, kauli ya mtoto iandikwe kama alivyoitamka, kwa lugha aliyoitumia, kabla ya kufasiriwa. "The teacher quarrelled me" ibaki hivyo katika fomu, na tafsiri ya Kiswahili iwekwe chini yake. Kauli iliyosahihishwa haiwezi kuchunguzwa tena.

Pili, mpokeaji wa taarifa aulize maswali mafupi yanayotenganisha maana: Ulimjibu, au ulisikiliza tu? Alisema kuhusu ulichofanya au kuhusu wewe ulivyo? Alikugusa? Maswali hayo yanaweza kuulizwa kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili, na hayamtaki mtoto ajue msamiati wa kisheria.

Tatu, istilahi za Kiswahili katika kanuni za shule zipewe mipaka: gombeza kwa ukemeaji wa mdomo wa kila siku, karipio kwa hatua rasmi iliyoandikwa, fokea kwa ukali uliopita kiasi, tukana kwa maneno yanayolenga utu, na dhuluma au unyanyasaji kwa makosa mazito. Maneno kumrudi na kumtia adabu yaepukwe katika nyaraka rasmi kwa sababu hayaoneshi kama fimbo imetumika.

Nne, kamusi za Kiingereza na Kiswahili zinazoandaliwa kwa matumizi ya Uganda ziingize "quarrel" elekezi na "abuse" ya matusi kuwa maana kamili, zikiwa na lebo ya eneo badala ya lebo ya kosa. Kamusi inayomficha mtumiaji maana anayoisikia kila siku inamwacha bila msaada pale anapouhitaji zaidi.

Tano, utayarishaji wa vifaa vya Kiswahili kwa Nile Magharibi uwashirikishe walimu wasemaji wa lugha za huko. Kwa Waganda wengi Kiswahili bado kina kumbukumbu ya amri za kijeshi na vizuizi vya barabarani. Iwapo maneno ya kwanza ambayo mtoto atayasikia kwa Kiswahili shuleni yatakuwa ya kufokewa, sera ya lugha itaanza kwa kuithibitisha kumbukumbu hiyo. Mwalimu wa Kiswahili ana sababu ya kitaaluma, mbali na ya kimalezi, ya kuonya zaidi na kufoka kidogo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba "quarrel" ya Ayivu ina kanuni. Kihusishi kikiwepo, kuna wagomvi wawili. Kisipokuwepo, kuna mkemeaji na mkemewa. Kiswahili kinaigawa dhana hiyohiyo kwa gombana na gombeza, na kwa sababu hiyo kina uwezo wa kuifasiri kwa usahihi kuliko Kiingereza sanifu, ambacho humlazimisha mfasiri kutafuta neno jingine. Yameonesha pia kwamba uhalali wa kukemea hutokana na nafasi ya msemaji, kosa lililotangulia na shabaha ya maneno, mambo ambayo jamii ya Walugbara iliyajadili muda mrefu kabla ya fomu za malalamiko kubuniwa.

Kwa watunga sera, somo ni la vitendo. Kiswahili kinapoingia katika shule na ofisi za Nile Magharibi, hakiingii mahali patupu. Kinakuta Kiingereza chenye desturi zake na lugha za wenyeji zenye mizani yake ya heshima na lawama. Mfasiri anayeziheshimu desturi hizo atamlinda mtoto na mwalimu kwa pamoja: mtoto asihesabiwe mgomvi kwa kugombezwa, na mwalimu asihukumiwe kwa neno ambalo halikusemwa.